Ruger LCR baada ya mwaka mmoja: nilichobadilisha, nilichorudisha

Duka langu la vyakula vya nyumbani liko kusini-magharibi mwa Houston, na usiku mwingi mimi ndiye ninayelifunga, nikiwa na mauzo ya siku nzima mkononi. Baada ya kusoma darasa na kupata leseni ya Texas ya kubeba silaha, nilinunua rivolva ndogo ya Ruger LCR inayotumia risasi za .38 Special, na kwa mwaka mmoja sasa nimekuwa nayo karibu kila siku. Tathmini hii inaihusu rivolva yenyewe, lakini zaidi inavihusu vitu nilivyovibadilisha kwa sharti moja nililojiwekea tangu mwanzo: chochote nitakachokigusa kiweze kurudishwa kama kilivyotoka kiwandani, kwa bisibisi na nyundo ndogo, bila kukata, kutoboa wala kupiga tupa.

Sharti hilo lina historia yake. Katika miaka ya 1920, John Henry Fitzgerald wa kampuni ya Colt alizifanya rivolva kubwa ziingie mfukoni kwa kufupisha mtutu, kusaga mkia wa nyundo ya rivolva, kile kipande kinachoipiga risasi ilie, na kukikata kikingio cha kifyatulio upande wa mbele ili kidole kiingie upesi. Wakusanyaji huzitafuta rivolva hizo hadi leo, nami ninaelewa kwa nini, kwa sababu ni kazi ya fundi aliyejua anachokifanya. Hata hivyo, kikingio kikishakatwa kimekatwa, na kifyatulio hubaki wazi kwa kila funguo au uzi utakaoingia mfukoni. Wapo waliopita njia nyingine kwa kutumia Tyler T-Grip, kipande kidogo cha chuma kinachojaza pengo lililo nyuma ya kikingio na kushikwa na vibao vya mpini, ambacho hutolewa kwa kulegeza skrubu na hakiachi alama yoyote. Mimi ni wa kundi hili la pili, na kwa silaha ambayo maisha ya mtu yanaweza kuitegemea sioni sababu ya kuwa wa lile la kwanza.

LCR iliingia sokoni mwaka 2009. Ina uzito wa takriban gramu 383 ikiwa tupu, silinda yake inachukua risasi tano, mtutu wake haufiki inchi mbili, na nyundo yake imefichwa ndani, kwa hiyo hakuna ncha ya kunasa kwenye nguo. Sehemu inayobeba mtutu na silinda ni ya aluminiamu, silinda ni ya chuma kisichoshika kutu, na sehemu ya chini inayobeba kifyatulio na mitambo yake ni ya plastiki ngumu. Kwa mtu mwenye sharti kama langu, muundo huu una faida mbili kubwa. Mpini wote huvaa juu ya kijiti kimoja na kushikwa na skrubu moja, kwa hiyo umbo la mpini halifungwi na umbo la fremu. Na kilengeo cha mbele kimeshikwa na pini, kwa hiyo hung'olewa na kuwekwa kingine. Nilipokuwa ninachagua, nililinganisha na Smith & Wesson 642, ambayo ni rivolva nzuri yenye ukoo unaofika kwenye Chiefs Special, rivolva ndogo ya kampuni hiyohiyo ya mwaka 1950, lakini kilengeo chake cha mbele ni kitu kimoja na mtutu. Anayetaka kukibadilisha bila kukisaga hana zaidi ya kukipaka rangi.

Nilianza na mpini, na hapo ndipo nilipojifunza mengi kuliko nilivyotarajia. Mpini wa mpira uliokuja na rivolva yangu, Hogue Tamer, umetengenezwa kupunguza teke, yaani msukumo wa nyuma risasi inapolia, na kazi hiyo unaifanya vizuri. Rivolva yenye uzito mdogo namna hii hupiga teke kali hata kwa risasi za kawaida. Lakini mpira hushika kitambaa. Kila nilipojizoeza kuitoa rivolva tupu kwenye mfuko wa gauni la pamba, mfuko ulipanda pamoja na mkono. Nikanunua mpini wa mbao, laini, mfupi, unaoshikwa na vidole viwili badala ya vitatu. Ulipendeza kwa macho, ulijificha vizuri zaidi, na rivolva ilitoka mfukoni kama samaki anayeponyoka mkononi. Kwa wiki mbili niliamini kwamba nimemaliza kazi.

Kisha nilikwenda nao kwenye uwanja wa shabaha. Kufikia risasi ya thelathini, panda ya mkono kati ya kidole gumba na cha shahada ilikuwa imevimba, na baada ya kila mlio ilinibidi kuushika mpini upya kabla ya kulenga tena. Muuzaji mmoja alinishauri nitumie mpini wa mpira kwa mazoezi na wa mbao kwa kubeba, kwa kuwa kubadilisha ni kazi ya dakika tatu. Ninaona ushauri huo una kasoro kubwa. Mkono hujifunza umbo la kile unachokishika, na mtu anayejizoeza na mpini mmoja kisha akabeba mwingine anajizoeza na silaha ambayo hatakuwa nayo siku ya haja. Niliurudisha mpira.

Tatizo la kitambaa likabaki palepale, na ufumbuzi wake ulitoka mahali ambapo sikuwa nimepatazama. Nilimpelekea fundi wangu wa nguo, dada kutoka Tanga, magauni manne na suruali mbili, nikamwomba aupanue mdomo wa mifuko ya kulia na kuitia bitana ya satini.

"Dada, mfuko huu utabeba nini hata uwe na mdomo wa kikapu?" aliniuliza.

Nilimweleza ukweli, kwa sababu kitambaa kilipaswa kustahimili uzito, na alipojua aliongeza mshono wa pili chini ya mfuko bila mimi kumwambia. Tangu siku hiyo mpini wa mpira hunasa mara chache sana. Jambo hili ningependa kila anayefikiria kununua mpini mpya alipime kwanza, kwa sababu nilitumia karibu dola 70 kuibadilisha rivolva wakati kilichohitaji kubadilishwa kilikuwa nguo.

Badiliko la pili, na ndilo pekee lililobaki kwenye rivolva yenyewe, ni kilengeo cha mbele. Macho yangu yamevuka miaka hamsini na mwanga wa nyuma ya duka ni hafifu. Kwanza nilikipaka kile cha kiwandani rangi ya kucha, nyeupe chini na ya machungwa juu, njia ambayo ninawashauri wote waijaribu kabla ya kutoa fedha, kwa kuwa mchana inasaidia kweli. Usiku haisaidii kitu. Ndipo nilipoagiza kilengeo cha XS Sights, kampuni iliyo hapahapa Texas, huko Fort Worth, chenye nukta kubwa nyeupe na kichupa cha tritiamu, gesi ya mionzi, katikati kinachotoa mwanga chenyewe bila betri. Kazi ya kukiweka nilimwachia fundi wa bunduki, kwani pini ni ndogo na anayepiga nyundo bila uzoefu anaweza kuikwaruza aluminiamu. Kile cha zamani nilikisafisha kwa asetoni kikiwa kimeshatolewa; asetoni isikaribie sehemu ya plastiki, maana inaweza kuila. Sasa kimo kwenye mfuko mdogo wa nailoni pamoja na pini yake, na juu yake nimeandika tarehe kilipotolewa.

Mnunuzi ajue kwamba kubadilisha kimo cha kilengeo cha mbele ni kubadilisha mahali risasi inapofikia. Kilengeo kirefu zaidi humfanya mpigaji aushushe mtutu ili kukilinganisha na kile cha nyuma, na risasi hupiga chini. Kwa umbali wa mita 6 hivi, risasi zangu nyepesi za gramu 7 zilishuka kwa upana wa vidole viwili kutoka pale nilipolenga. Nilipojaribu risasi nzito za gramu 10, zilirudi karibu na nukta, kwa sababu risasi nzito husafiri polepole zaidi na kukaa muda mrefu kidogo ndani ya mtutu unaoinuka. Kwa hiyo nilibadilisha risasi ninazobeba, na hilo pia ni jambo linalorudishika. Anayenunua kilengeo atenge fedha za risasi za majaribio pamoja nacho, la sivyo atakuwa na nukta inayong'aa isiyomwambia ukweli.

Badiliko la tatu ninalijutia, na ninalieleza ili mwingine asilirudie. Kifyatulio cha rivolva isiyo na nyundo ya nje huvutwa safari ndefu na huwa kizito, ingawa cha LCR ni laini kuliko vingi nilivyovijaribu. Nilishawishika kununua springi nyepesi ya nyundo kutoka kwa muuzaji ambaye sitamtaja. Fundi aliiweka huku akinionya, na mezani, kwa risasi bandia, nilifurahi kwa jinsi kidole kilivyokwenda. Kwenye uwanja wa shabaha, kati ya risasi hamsini, tatu hazikulia. Alama za pigo zilionekana kwenye vitako vya risasi, lakini pigo lilikuwa dogo mno kuwasha baruti. Mume wangu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na vizibo vyake masikioni, alinitazama na kuniuliza, "Mama Salma, hapo umepunguza nini hasa?" Springi ya kiwandani ilirudi siku hiyohiyo. Uzito ule wa kifyatulio ndio unaozuia risasi isitoke kwa kidole kilichoteleza, kwa kuwa rivolva hii haina kitufe cha usalama. Na iwapo mtu atajikuta mbele ya mahakama baada ya kujitetea, kifyatulio alichokilainisha ni swali ambalo mwendesha mashtaka anaweza kumwuliza. Dawa ya kifyatulio kizito niliyoiona ikifanya kazi ni mazoezi ya risasi bandia, dakika kumi kila jioni, risasi halisi zikiwa chumba kingine.

Vitu vinavyobebwa pamoja na rivolva nitavitaja kwa ufupi. Ala ya mfukoni ni ya lazima, kwanza ili kifyatulio kifunikwe kikamilifu, pili ili rivolva isigeuke ndani ya mfuko. Yangu ni DeSantis Nemesis, ambayo nje yake ina ukakasi unaoifanya ibaki mfukoni rivolva inapotoka. Mfuko huo haubebi kitu kingine, hata senti. Kwa risasi za akiba ninatumia ukanda wa mpira ambao huzishika risasi kwa mstari; vijazio vya duara ni vya haraka zaidi, lakini vinatuna kama limau mfukoni. Mkoba niliuacha mapema, kwa sababu mkoba huwekwa kaunta, huachwa kwenye kiti, na wezi huuchukua kwanza.

Wasomaji wenzangu wanaoishi Marekani wakumbuke kwamba sheria ya shirikisho kwa jumla humzuia mtu aliyeingia kwa viza ya muda, kama mwanafunzi au mtalii, kumiliki silaha au hata risasi, isipokuwa kwa ruhusa chache kama leseni halali ya uwindaji. Mwenye ukaaji wa kudumu anaruhusiwa. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, Texas haimlazimishi mtu mzima anayestahili kuwa na leseni ili kubeba bastola, lakini mimi ninaihuisha yangu kwa sababu majimbo mengine huitambua. Na anayesafiri kwenda nyumbani auchunguze kila mfuko wa koti na kila begi lililowahi kukaa na risasi, kwa kuwa risasi moja iliyosahaulika, ikikutwa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam au Nairobi, si jambo la kueleweka kwa maneno mawili.

Kwa jumla nilitumia dola zisizofika 250 nje ya bei ya rivolva, bila kuhesabu risasi, na kilichobaki kutokana na fedha hizo ni kilengeo kimoja, ala moja, ukanda wa risasi na bitana ya mifuko sita. Rivolva ninaipendekeza bila kusita kwa anayetaka silaha ndogo ambayo sehemu zake zinakubali kubadilishwa, na kilengeo ninakipendekeza kwa yeyote ambaye macho yake yameanza kuchoka. Tritiamu hupoteza nusu ya nguvu yake kwa takriban miaka 12, kwa hiyo kilengeo hiki nacho kitafika siku yake ya kung'olewa. Kwenye mfuko ule wa nailoni, chini ya tarehe ya kukitoa kile cha zamani, nimeacha mstari mmoja mtupu.