Msimbati, Mtwara: beach kali, ila angalia maji kwanza

Kwa beach nilizowahi kukanyaga huku kusini mi naipa Msimbati namba moja. Shangani pale Mtwara mjini nimeogelea, Jimbizi ya Kilwa Masoko nayo naijua, zote nzuri ila hazifikii hii. Ni kama kilomita 40 kutoka mjini, unapita Ziwani halafu Madimba kwenye mitambo ya gesi, njiani mikorosho tu na minazi.

Tulijazana kwenye Noah ya kukodi, watu wazima na watoto. Mjue kabisa kwamba eneo lile ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, kwahiyo getini kuna kiingilio, Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni wa nje, lipa na udai risiti yako.

Sasa kitu kikubwa ni maji, na hapa ndo wengi wanaharibu safari. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari inakauka mida ya saa nne asubuhi na inajaa saa kumi jioni, sasa mtu anatoka mjini asubuhi na mapema na watoto wamevaa kabisa nguo za kuogelea anafika anakuta maji yako kuleee, anabaki kukasirika na kusema beach mbaya. Beach sio mbaya, muda ndo sio wenyewe! Kama unataka kuogelea asubuhi nenda siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, au ulizia wavuvi, wale hawakosei.

Ila hata maji yakitoka mi napapenda, maana ndo unaona watu wa pale wanavyoishi na bahari yao. Kinamama wanashuka na vijiti vyao kutafuta pweza kwenye mawe. Kuna mama nilimkuta anamponda pweza juu ya jiwe, anampiga, anamgeuza, anampiga tena, povu linatoka, nikamsalimia shikamoo mama, akaitika marahaba mwanangu, nikamuuliza mbona unampiga hivyo akasema usipompiga utatafuna mpaka kesho. Tukamnunua yule yule, akachomwa kwenye mkaa na ndimu na pilipili, aisee yule pweza alikuwa laini mpaka mtoto wa miaka mitatu alikula akaomba tena.

Mchanga mweupe, laini, mivinje ina kivuli cha kutosha kutandika mkeka, na hakuna mtu wa kukufukuza eti hapa pa wageni wa hoteli, watoto wa kijijini wanacheza mpira hapo hapo na wa kwetu wakaingia timu. Hicho ndo nilichokipenda kuliko vyote, naomba kisije kubadilika.

Ukisogea upande wa Ruvula kuwa makini, kina kinaanza karibu sana na nchi kavu, watoto usiwaache hata dakika. Na magari, jamani, wengi wanapenda kukatisha na gari juu ya mchanga, kama sio four wheel acha, tuliona gari ya watu imezama tairi mpaka katikati na maji yanarudi, vijana wa kijijini wakaisukuma mpaka ikatoka, watu wa gari wakataka kuondoka bila hata kuwapa ya soda, iliniuma sana ile.

Vyoo ni shida, nenda umejiandaa. Taka nazo zimeanza, chupa za maji na mifuko chini ya mivinje, na hiyo ni sisi wageni tunaoacha. Beba mfuko wako urudi nao mjini.

Maji ya kunywa, mkeka na kofia toka navyo Mtwara, na dereva wa kurudi mpatane bei kabisa kabla hamjaondoka mjini maana jioni usafiri kule ni wa kubahatisha.