Ladri di saponette: nimeitazama mara mbili wiki hii

Diski ya filamu hii ya Kiitaliano niliinunua kwa sababu naipenda mno Ladri di biciclette (Wezi wa Baiskeli), ile filamu ya mwongozaji Vittorio De Sica ya mwaka 1948. Maurizio Nichetti, mwongozaji wa Ladri di saponette (Wezi wa Sabuni), anaanzia hapohapo: baba asiye na kazi, mke, watoto wawili, dhiki ya baada ya vita, picha nyeusi na nyeupe. Yeye mwenyewe ndiye Antonio, yule baba, na ndiye pia mwongozaji aliyealikwa studioni filamu yake ikirushwa kwenye televisheni.

Filamu inaanza, mara tangazo. Inarudi, tangazo tena. Umeme unakatika studioni na mambo yanaingiliana: mrembo aliyekuwa akiogelea kwenye bwawa la tangazo anaibukia mtoni, ndani ya umaskini wa Antonio. Maria, mke wa Antonio, naye anajikuta upande wa pili, kwenye matangazo ya rangi, anaimba.

Hapo ndipo iliponishika. Maria alitamani kuimba tangu mwanzo. Tangazo halikumburuta, lilimpa alichokuwa akikililia. Na ile taa kubwa ya vioo! Antonio anapata kazi kwenye kiwanda cha taa za kuning'inia, kisha anaiba moja kwa ajili ya mkewe. Kipande hicho nilikirudisha nyuma, maana kinaonyesha kwamba tamaa ilikwishaingia nyumbani mwao kabla ya tangazo lolote.

Ilitoka mwaka 1989 na ikachukua tuzo kuu ya tamasha la Moscow. Miaka hiyo stesheni binafsi za televisheni za Italia, zile za mfanyabiashara Silvio Berlusconi zikiwa mbele, zilikuwa zinakatakata filamu kwa matangazo, hata mwongozaji Federico Fellini akapinga hadharani. Nichetti ameipeleka hasira hiyo sebuleni. Kuna familia inayotazama, mama ni mjamzito, watoto wanacheza. Filamu inavurugika mbele yao na hakuna anayeshtuka. Mwishoni mwongozaji amekwama ndani ya televisheni, na mama yule anaizima aende kulala. Nilikuwa nimecheka muda wote, hapo nilinyamaza.

Kasoro ni ya diski yangu: maandishi ya tafsiri ni meupe, yakiangukia ukuta mweupe hayasomeki kabisa. Muulize muuzaji kwanza kama ana toleo lenye maandishi ya njano. Na kama hujaiona ya De Sica, ianze hiyo, kisha hii usiku unaofuata.