Nyaya za meno za mtoto: chama au sacco?

Nyaya za kunyoosha meno hukaa mdomoni mwaka mmoja na nusu hadi miwili, zikikazwa takriban kila mwezi. Malipo ya kwanza ndiyo huuma. Basi pesa zitoke wapi: chama cha kuchangiana kwa zamu, au sacco, ushirika wa kuweka akiba na kukopa?

Chama cha akina mama wa Likoni hakina riba wala fomu, na zamu ikifika unabeba kitita kizima. Ila zamu hufuata foleni, si meno ya mtoto, na mmoja akitoroka na pesa utamdai nani? Sacco ina riba na usumbufu wa kusaka wadhamini, lakini nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba.

Mwenye mshahara wa bandarini, sacco. Muuza viazi karai, chama, aombe zamu ya mapema. Kote kuwili, tenga pesa za kifaa cha kuvaa usiku nyaya zikitolewa, la sivyo meno hurudi kombo.