Studio ya BrickLink: nina meli ya anga ya vipande 3,900 na nyumbani Lego hazifiki 400

Haya jamani, nshakaa na hii programu miezi mitano sasa, mtu asije akasema nimeisifu kwa kuiona jana. Inaitwa Studio, ya BrickLink, lile soko la mtandaoni la vipande vya Lego, kazi yake unajenga vitu vya Lego, yale matofali ya plastiki ya kuchezea yanayoungana, ndani ya kompyuta, kipande kwa kipande, na hununui hata kimoja. Bure. Narudia tena, bure, hakuna ule mtindo wa siku 30 halafu wakakubana uwape namba ya kadi.

Mie nna kiduka cha fotokopi Mlandege, hapa Zanzibar mjini, si injinia wala si fundi wa kitu. Lego zimeingia nyumbani kwetu kwa ajili ya kijana wa dada yangu, ami yake alikuja likizo kutoka Uingereza akamletea mfuko, na mfuko wenyewe ni urojo mtupu, kila kitu kimo na hakuna kitu kilichotimia, magurudumu bila ya gari, nusu ya kasri, vichwa vya watu havina viwiliwili. Tukahesabu mimi na yeye sakafuni, vipande 380 na ushee. Akanambia mjomba tujenge meli ya anga, lakini kubwa, isipite mlangoni.

Sasa nikenda kutafuta kubwa ni ipi, nikakuta wenzetu wanaoshughulika na mambo haya wana kipimo chao kabisa, meli haiitwi kubwa mpaka ifike vinundu 100. Kinundu ni kile kidude cha juu ya tofali, na kutoka kimoja hadi cha pili ni milimita 8, kwahivyo vinundu 100 ni sentimita 80, yaani meza yetu ya kulia karibu inakwisha. Wanaziita SHIP, halafu zile herufi nne wamezitolea maana ya kizungu ya utani kwamba ni pesa nyingi mno umezitia kwenye vipande, na kila Septemba wanajipa kazi ya kumaliza moja ndani ya mwezi. Kwa vipande vyetu 380 labda tungepata mlango wa choo cha hiyo meli.

Ndo nikaidaunlodi Studio. Ipo ya Windows na ya Mac. Ya simu hakuna, nasema mapema kwa sababu watu watatu dukani washaniuliza. Laptopu yangu ni ya mtumba, ramu jibi 8, haina kadi ya michezo wala nini, na inaenda, mpaka ukifika vipande elfu mbili hivi ndo inaanza kuhema kama punda wa gari la mchanga.

Ukiifungua upande mmoja vimepangwa vipande vyote, na ni vingi mpaka unapotea, siku ya kwanza nilikaa saa nzima natafuta mlango wa kioo. Katikati ndo uwanja wako. Unakamata kipande kwa mausi unakisogeza, kikifika karibu na kinundu kinajirusha chenyewe kinakaa, na ukitaka kukipenyeza pahala ambapo pana kipande chengine kinakataa. Hii ya kukataa ndo inanifurahisha zaidi kuliko yote, mana bila ya hiyo ungejenga uongo mtupu, kitu kizuri kwenye skrini ambacho mikono ya mtu haiwezi kukiunga.

Kidogo nasaba yake, mana wengi wanadhani imezuka tu. Mambo ya kujenga Lego kwenye kompyuta yalianza na James Jessiman, Muaustralia, mwaka 1995 akatoa programu ya LDraw, na miaka miwili baadae akafariki, lakini watu wakaendelea kuchora vipande kwa kujitolea mpaka leo, na hivyo vipande vya LDraw ndo vinavyotumika ndani ya Studio. LEGO wenyewe walikuwa na programu yao, halafu wakainunua BrickLink mwaka 2019, na ilipofika 2022 ile yao wakaiweka pembeni wakawaelekeza watu huku. Kuna LeoCAD pia kwa wenye Linux, nyepesi, nimeijaribu siku mbili nikarudi.

Haya, meli yenyewe.

Mie sikuanza na mabawa, wala kioo cha rubani, ijapokuwa kijana alinililia kwelikweli anataka kioo kwanza. Niliwahi kukaa Nungwi wiki nzima kwa shughuli ya harusi, na kila jioni nikenda ufukweni kuwatazama wale mafundi wa majahazi, hawana karatasi, hawana mchoro, kila kitu kimo kichwani, lakini hata siku moja sijaona fundi kaanza na tanga. Anaanza na mkuku. Kwahivyo na mie nikaanza na mkuku, ule mti wa chini unaokwenda kutoka omo, yaani mbele, mpaka tezi, nyuma, wa kwangu nikautengeneza kwa yale matofali ya Technic yenye matundu ubavuni.

Hapa nitakaa kidogo mana hapa ndo utamu wake. Tofali la Lego lina urefu wa kwenda juu milimita 9.6, na kile kipande chembamba, pleti, ni theluthi yake, milimita 3.2. Kinundu hadi kinundu 8. Sasa ukitazama hizi namba haraka haraka unaona hazikutani, ukisimamisha tofali kwa ubavu halitalingana na lililolala. Lakini chukua pleti 5, zidisha 3.2, unapata 16, na vinundu viwili navyo ni 16! Nilipoiona hii saa saba za usiku wallahi niliinuka kwenye kiti. Mana yake ukiweka tofali la Technic, juu yake pleti mbili, halafu tofali la pili la Technic, matundu ya juu na ya chini yanapishana milimita 16 kamili, unachukua mti mmoja wa Technic unausimamisha kwa ubavu na pini mbili unafunga, kishafungika hicho, hakitoki. Ndo mataruma yangu hayo, yaani mbavu za chombo, nimeyaweka 14 kutoka omo mpaka tezi, kila baada ya vinundu 7.

Na hesabu hiyohiyo ndo inayokupa ngozi ya meli. Meli ya anga haipendezi ikiwa vinundu vyote vimetazama juu, inakuwa kama nyumba ya matofali imelazwa. Kuna vitofali vidogo vina kinundu ubavuni, unavipanga kwenye mataruma, halafu unabandika mapande laini kwa ubavu, na kwa sababu ya ule mchezo wa pleti 5 kila kitu kinaingia bila ya ufa. Kwa mkono ningeharibu mara mia. Kwenye Studio unaharibu mara mia vilevile lakini unabonyeza Ctrl na Z, basi.

Bawa la kulia nilijenga siku nne, nikasema la kushoto nitanakili tu nigeuze. Weee. Vile vipande vya mshazari vina vya kulia na vya kushoto, ni vipande mbalimbali kabisa, kwahivyo bawa langu la kushoto lilikuwa limechongoka kwenda nyuma kama samaki anaogelea kinyumenyume, nikakaa nabadilisha kimoja kimoja, 46. Ushauri wangu, jenga bawa kama kifungu chake peke yake, submodeli wanaita, ukikosea unafungua kile tu bila ya kuivuruga meli nzima.

Jambo jengine la kuwaambia ni rangi. Mie nilitaka ubavu uwe na rangi ya bahari ya Paje saa nne asubuhi, ile baina ya kijani na buluu, na rangi hiyo ipo kwenye Lego. Lakini si kila kipande kimetengenezwa kwa kila rangi, na programu inakuonya, kipande hiki hakipo kwa rangi hii. Nilikuwa na onyo kama 200. Watu wanazipuuza hizi alama kwa sababu kwenye skrini meli inang'ara tu, sasa siku ukitaka kununua ndo utajua. Nikaishia na kijivu, na ile rangi ya bahari ikawa mstari mmoja tu ubavuni, na kusema kweli imependeza zaidi.

Sasa nije kwenye kosa, na kosa ni langu mwenyewe. Nilipofika vipande elfu tatu nikabonyeza ile sehemu ya kupima uimara, inayokuonesha kipande kinachoelea au kilichoshika kwa tabu. Vyote vimeshika. Nikajiona fundi mkuu. Basi nikasema hebu tujaribu kidogo kwa mkono, nikachukua katikati ya meli, pale mkuku unapoungana vipande viwili, nikaijenga sehemu ile tu kwa Lego za mfuko, rangi hovyohovyo, pahala pa pleti refu nimetia fupi mbilimbili, matofali ya Technic yalikuwemo machache alhamdulillahi. Vipande 214. Juu yake nikafunga mfuko wa mchele wa nusu kilo kuwa ndo uzito wa mabawa. Kijana akaishika kwa ncha mbili akainyanyua, na mie nikaiona kwa macho yangu inapinda taratibu kama ubao wa banda uliolowa mvua, halafu pa! mchele sakafuni, dada yangu kasimama mlangoni hasemi kitu, kutusema kungekuwa afadhali.

Wahenga walisema kwenda tezi na omo marejeo ngamani, na kweli mie nilihangaika na omo nikahangaika na tezi nikaja kurudi palepale katikati ya chombo. Kushikana ni kitu kimoja, kubeba ni kitu chengine. Skrini imekwambia kipande kimeshika, wala haijakwambia ukiinyanyua kwa ncha itafanya nini. Nikarudi nikapishanisha maungio, tofali la chini linakatikia hapa na la juu linakatikia vinundu 6 mbele yake, nikaongeza mti wa tatu. Tukaijenga tena, mchele uleule, haikupinda. Kwahivyo mie naona mtu anaetaka kujenga kitu kikubwa kwenye Studio bila ya kuwa na hata Lego mia mbili karibu yake anajidanganya, si lazima uwe nazo zote, lakini mkono wako lazima uonje.

Bei. Kuna pahala inakuonesha makadirio ya vipande vyako vyote kwa bei za sokoni za BrickLink, na unaweza kuituma orodha moja kwa moja uwatafute wauzaji. Yangu ilikuja kama dola 600, yaani kama shilingi milioni moja na nusu, na hiyo ni vipande tu, huyu anauza matofali ya kijivu, yule ana kioo, kila mmoja anataka posta yake, na hujafika bado kwenye ushuru. Nikacheka nikafunga. Duka moja la Darajani wana zile za kuigiza kwa bei ya kutupa, nikanunua pakti mbili nijaribu, pini zake zinalegea ukizitoa mara tatu, kwa ukuta sawa, kwa mkuku usithubutu.

Halafu kuna kurenda, yaani kupiga picha meli yako ikaonekana kama ya kweli, mwanga unapiga kwenye plastiki na kivuli chini. Nzuri mno, lakini kwa laptopu kama yangu picha moja kubwa ni kazi ya usiku kucha, niliiacha saa tano, saa tisa umeme ukakatika na betri yangu ilishakufa zamani. Asubuhi nikaanza upya. Meli yenyewe ilikuwa salama kwa sababu nilisevu kabla, na nyie sevuni, tena mtie na kwenye flashi.

Kitabu cha maelekezo nacho inakutengenezea, unagawa hatua mwenyewe, nikachapisha kurasa za ile sehemu ya katikati hapahapa dukani nikampa kijana ajenge peke yake. Tatizo mashine yangu ni nyeusi na nyeupe, na kwenye karatasi kijivu cha kukoza na nyeusi ni ndugu wa baba mmoja, akajenga nusu saa akaja na kitu kama kaa. Siku ya pili nikamwekea laptopu mbele yake, akamaliza.

Mie naipa nne kwa tano. Ile moja nimeizuia kwa sababu ya simu, mana vijana wengi hapa kompyuta yao ndo simu, na kwa sababu ya vile vipande kukupotea mpaka uzoee kutafuta kwa jina la kizungu.

Meli imefika vinundu 104 na vipande 3,912. Mezani pana kile kipande cha katikati peke yake, na kijana keshamweka rubani juu yake, mwenye kichwa na hana miguu. Anaetaka faili aje dukani na flashi yake, baada ya laasiri, na kama anataka nimuoneshe na yale mataruma aje na laptopu yake, na chaja.