Uzoefu wangu: mlingoti wa alumini uliopasuka kwenye mshono, na mafundi wawili walioushika

Boti yetu ni ya tanga, futi 26, na mimi na shemeji tunaitia nanga ghuba ya Msasani, Dar es Salaam. Mwezi wa tano, kusi ikiwa imeshika, tulikuwa tunarudi kutoka kisiwa cha Mbudya kwa bisho, yaani tukienda mshazari dhidi ya upepo. Kila tulipogeuza tanga nilisikia mlio mkavu juu: ta! Tulipoulaza mlingoti nikakuta ufa mwembamba kama unywele, pale kilipochomelewa kikono cha pembeni kinachotanua waya unaoushikilia mlingoti. Urefu wake haukuzidi kucha ya kidole gumba.

Fundi wa kwanza alipitisha grainda juujuu, akachomelea palepale, akapaka rangi. Saa moja, shilingi 80,000. Wiki nne baadaye ufa ulikuwa umerudi, mrefu zaidi, tena haukuwa kwenye mshono wake bali pembeni, upana wa kidole kutoka hapo. Nilipomrudia akaniambia alumini yenyewe ni mbovu. Niliumia, maana nilikwishaanza kuulizia bei ya mlingoti mpya.

Mafundi wa mashua wa Kigamboni ndio walionielekeza kwa mzee mmoja Gerezani. Tulikodi kanta, tukaufunga mlingoti juu na kitambaa chekundu nyuma. Mzee aliuinamia kwa muda, akasema, "Mwanangu, ufa huu nikiufunika leo, utatokea pembeni tena. Kwanza tujue nini kinauvuta."

Alisafisha kwa asetoni, akapuliza rangi nyekundu, akasubiri kama robo saa, akaifuta mpaka pakawa safi, kisha akapuliza poda nyeupe. Tukasimama tunaangalia. Taratibu mstari mwekundu ukajichora kwenye weupe, halafu ukatokea wa pili, ambao macho yangu hayakuwahi kuuona, ukikimbilia kwenye tundu la boliti. Huo wa pili ulinitisha. Tungeendelea vile, mlingoti ungetuangukia baharini, na mara nyingi tunakwenda na watoto.

Akanieleza bila haraka. Alumini ya mlingoti wetu ni ya aina iitwayo 6061, iliyokomazwa kwa joto kiwandani. Ukiichomelea, sehemu iliyo kando ya mshono inalainika na kupoteza karibu nusu ya nguvu yake. Kwa hiyo hata mshono mzuri, ukiwekwa penye mzigo mkubwa, unaacha ukuta dhaifu jirani yake. Tena chuma cha kawaida kikibebeshwa mzigo mdogo kinaweza kuvumilia miaka na miaka, lakini alumini kila mtikisiko unaihesabia. Na mtikisiko tulikuwa nao: waya wa kushoto ulikuwa umelegea, mlingoti ukipiga huku na huku kila wimbi. Lawama hiyo ni yetu, hatukuwahi kuukaza tangu tuinunue boti.

Hakuchomelea kabisa. Alitoboa tundu dogo kwenye ncha ya kila ufa ili usiendelee, akakata kikono cha zamani, akakunja bamba la alumini lifuate umbo la mlingoti na kulipiga riveti. Kikono kipya alikifunga kwa boliti zinazopita upande hadi upande, ndani akatia kipande cha bomba ili zikikazwa kuta zisibonyee. Kati ya boliti za stenlesi na alumini alipaka dawa nzito ya kuzitenganisha, kwa sababu metali hizo mbili zikigusana kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Ule unga mweupe niliokuwa nikiufuta kwenye matundu nikidhani ni chumvi, kumbe ni alumini yenyewe.

Kilichonikera: aliahidi siku 5, zikawa 11, na simu hapokei. Bei 620,000, bila kanta. Pia hana risiti, kwa hiyo andikianeni kabla ya kuacha mzigo.

Mwezi wa kumi tulishusha mlingoti tukarudia rangi na poda wenyewe, shemeji ameshika tochi. Poda ilibaki nyeupe. Tumepanga kurudia kila kusi inapoisha, na waya tunaupima kabla ya kila safari.