DHARMa na sifuri za mitego ya mbu: naipa nyota nne

Nyota nne kati ya tano, na kwa kuwa ni ya bure, hakuna wa kulalamika kwamba kaliwa hela. DHARMa ni pakeji ya R (programu ya takwimu) ya kukagua kama modeli, yaani kanuni ya hesabu inayoeleza data, inaendana na data zenyewe; imetengenezwa na Florian Hartig wa Chuo Kikuu cha Regensburg, Ujerumani. Ina vitu vingi ndani, ila ninachokitumia mimi kila mara ni amri moja, testZeroInflation, inayopima kama sifuri zimezidi, na ndiyo nitakayoizungumzia.

Kazi yangu ni kuchambua hesabu za mbu walionaswa kwenye mitego ya taa huku bonde la Kilombero. Mtego unaning'inizwa upande wa miguuni mwa kitanda, mwenye nyumba analala ndani ya chandarua, asubuhi mbu wanahesabiwa. Masika nyumba moja inatoa mbu wa kujaza kikombe, ya jirani sifuri. Kiangazi fomu nzima ni sifuri tupu. Na sifuri zenyewe hazilingani. Kuna nyumba yenye wavu madirishani na upenyo wa juu ya ukuta umezibwa, mbu hapati pa kupita. Kuna nyumba ambayo mbu wapo, basi tu usiku ule hawakuingia mtegoni. Halafu kuna betri iliyozima saa nane usiku, na mtu akajaza 0 badala ya kuacha wazi.

Inachofanya amri hii unaweza kumweleza hata bosi asiyejua takwimu. Modeli yako inaambiwa izalishe data za kubuni mara 250, sifuri zinahesabiwa kila mara, kisha zinalinganishwa na zile ulizokusanya kweli. Unapata histogramu ya sifuri za kubuni yenye mstari mwekundu unaoonyesha sifuri zako, uwiano wa sifuri zako kwa zile zilizotarajiwa, na thamani ya p (ikiwa ndogo, tofauti si rahisi kuwa ya bahati tu). Mstari ukiangukia mbali kulia, sifuri zako ni nyingi kuliko modeli ilivyotarajia. Ukirudia kesho jibu ni lile lile, kwa sababu mbegu ya nasibu, yaani namba inayoanzisha bahati nasibu ya kompyuta, imeshapangwa. Kwa sisi tunaokaguliwa ripoti, hilo si dogo.

Zamani watu walikimbilia jaribio la Vuong la mwaka 1989, la kulinganisha modeli mbili. Mwaka 2015 Paul Wilson alionyesha kwamba kulitumia kupima sifuri zilizozidi ni kulitumia visivyo, na Stata, programu nyingine ya takwimu, nayo ikalificha: anayelitaka lazima aandike forcevuong, yaani alilazimishe. Bado nakutana nalo kwenye tasnifu za uzamili. Inachosha.

Sasa tatizo, ambalo zaidi ni la watumiaji. Mtu akiona p ndogo anarukia palepale modeli ya sifuri zilizoongezwa, yaani ile inayodhani kuna kundi ambalo daima ni sifuri. Taratibu! Chukua data maarufu za bioChemists: wanafunzi 915 wa uzamivu wa biokemia, na idadi ya makala walizochapisha. Waliochapisha sifuri ni 275, asilimia 30. Poisson, modeli ya kawaida ya hesabu inayodhani wastani na varianzi (kipimo cha mtawanyiko) ni sawa, inatarajia kama asilimia 21 tu, kwa hiyo DHARMa itapiga kelele. Lakini wastani wa makala ni 1.69 na varianzi 3.71, data zimetawanyika kuliko Poisson inavyoruhusu. Weka binomia hasi, modeli inayoruhusu mtawanyiko zaidi, matarajio yanapanda hadi asilimia 30 na kelele zinakwisha, bila kubuni kundi la watu ambao kamwe hawachapishi. Maelezo ya pakeji yenyewe yanaonya jambo hili, sema nani anasoma maelezo. Anza na testDispersion, amri ya kupima mtawanyiko, jamani.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu amri inajumlisha sifuri zote kapu moja. Modeli ikikosa sifuri za kiangazi na kuzizidisha za masika, makosa yanafutana, uwiano unakuja karibu na 1, nawe unafurahi bure. Kwa data za msimu kama zetu hilo linatokea hasa. Dawa ni testGeneric: unaiandikia kifunksheni chako kinachohesabu sifuri za mistari ya kiangazi peke yake, halafu kingine cha masika, na kingine cha nyumba zenye wavu peke yake. Ni mistari miwili mitatu ya kodi. Ningependa ije tayari imo, maana wengi hawajui hata kama ipo. Na modeli yenye athari nasibu za nyumba na kijiji, yaani inayozingatia kwamba kila nyumba na kijiji kina hali yake, kwenye laptopu ya kawaida, bonyeza ukachemshe chai kabisa.

Ile betri ya saa nane, hiyo hakuna amri ya R itakayoigundua. Kwangu fomu sasa ina kisanduku cha "mtego ulikuwa unawaka asubuhi?", na mstari wenye "hapana" hauingii kwenye modeli.