TAHADHARI: "Kivuta mbali" cha kamera kisicho na kioo ndani

Wakuu, nimepigwa 150,000 na sitaki mwingine aingie mkenge huu.

Nilikuwa nasaka lenzi ya milimita 200 ya kupigia mechi za ndondo, soka la mtaani. Bei zikanishinda. Jamaa mmoja mwenye meza ya vifaa vya kamera Kariakoo akasema achana na lenzi kubwa, chukua "kivuta mbali" hiki, unakifunga kati ya kamera na lenzi yako ya milimita 50, kazi imeisha. Akakifunga, akavua pete yake ya ndoa, akaiweka chini ya taa. Pete ikajaa skrini nzima, kila mkwaruzo unauona. Nikatoa hela bila hata kuomba risiti.

Jumapili uwanjani, ukungu mtupu. Canon yangu inaandika F00, yaani haitambui lenzi, goli silioni, refa simwoni. Nikachomoa kidude, nikaingiza kidole, kikatokea upande wa pili. Bomba tupu!

Mchezo wenyewe ni huu. Ukubwa wa picha kwenye sensa (kile kibati ndani ya kamera kinachopokea picha) hutegemea umbali wa lenzi hadi sensa, ukigawanya kwa umbali wa kitu hadi lenzi. Bomba linaisukuma lenzi mbele. Langu nimelipima kwa rula: milimita 50. Lenzi ikawa milimita 100 kutoka kwenye sensa, na kitu kinakuwa wazi kikikaa milimita 100 mbele yake. Mia ukigawanya kwa mia ni moja: pete ya milimita 20 inatoka na milimita 20 zake, kwenye sensa yenye upana wa 22. Lazima ikujaze macho. Sogea nyuma kidogo tu, kila kitu kinafutika.

Uwanjani hesabu ni nyingine. Mchezaji wa mita 1.75 aliye umbali wa mita 50 anatoka milimita 1.75 kwa lenzi ya 50, na milimita 7 kwa ile ya 200. Hiyo mara nne inaletwa na vioo. Telekonvata ya kweli, yaani kivuta mbali halisi cha kufunga kati ya kamera na lenzi, nayo ina vioo ndani, ukiichungulia unaviona.

Bomba lenyewe si feki, wanaopiga picha za wadudu wanalipenda. Basi auze kwa jina lake, "extension tube".

Niliporudi akanijibu, "Si ulijaribu mwenyewe hapa, ikakubali?" Ilikubali kweli, ndiyo maana inaniuma hadi leo. Akianza kuvua pete, mwambie mtoke nje mkapige nguzo ya umeme ng'ambo ya barabara.